Anakariri maneno 300, wiki ya pili hana hata 30: tuongelee msamiati kwa ukoo wake

#1 Zamu ya Jumatatu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, hatutagombana.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili, shule ya kata, huu mwaka wa kumi na moja. Kila Januari napokea watoto wa kidato cha kwanza. Wengi wao wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja wanakuta Baiolojia, Jiografia, Historia, vyote vimegeuka Kiingereza. Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na bango mlangoni kwa ofisi ya walimu: bila Kiingereza hakuna huduma. Mtoto anaumwa tumbo, anasimama pale nje anatafuta neno la kuhara. Hanalo. Anarudi darasani na tumbo lake.

Dawa tuliyowapa ni ile ile tuliyonyweshwa sisi: orodha. Maneno ubaoni, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, kariri, Ijumaa mtihani. Na Ijumaa wanapata kweli, tena wengine wanapata zote. Mwaka juzi nikawafanyia jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliwarudishia mtihani ule ule baada ya wiki mbili bila taarifa. Binti aliyekuwa na 28 kati ya 30 akapata 9. Mwingine akaniandikia kwamba "goat" ni koti. Nilicheka, halafu nikakaa kimya muda mrefu, maana mwalimu wake ni mimi.

Kilichonizindua kilitokea siku nimeshika kipindi cha mwenzangu wa Baiolojia aliyekuwa na ruhusa. Nikaandika ubaoni "photosynthesis". Darasa zima, watoto sitini na kitu, kimya kama wapo msibani. Nikauliza kwa Kiswahili: shule ya msingi mlisoma mmea unajitengenezeaje chakula? Wakajibu kwa sauti moja: usanisinuru! Yaani kitu chenyewe wanakijua, klorofili wanaijua, kabonidayoksaidi wanaijua. Walichokosa ni jina tu, na sisi tulikuwa tunawafundisha kama hawajui lolote.

Nikalipasua neno lao. Usanisi, kuunda kitu kwa kuunganisha vingine. Nuru, mwanga. Nikalipasua la Kiingereza, ambalo hata Kiingereza chenyewe kililiazima Ugiriki: "photo" ni habari ya mwanga, "synthesis" ni kuweka pamoja. Mnaona? Waliotunga usanisinuru walifuata mifupa ile ile, wakaivisha nyama ya kwetu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hulala kuanzia saa nne, akauliza: kwa hiyo mwalimu, foto ya kwenye simu nayo ni mwanga? Nikamwambia ndiyo, "photograph" ni kuandika kwa mwanga. Ile "graph" ikaivuta "geography", kuiandika dunia. "Geo" ikaivuta jiolojia, jiolojia ikaivuta baiolojia. Kengele ilipolia ubao ulikuwa umejaa kama mti wa ukoo, na hakuna aliyeniambia "mwalimu futa tuandike upya".

Toka siku hiyo darasani kwangu hakuna orodha. Kuna daftari la ukoo. Kila ukurasa una mzee mmoja juu, chini wanapangwa watoto na wajukuu. Sharti la kwanza, kila neno liandikwe pamoja na sentensi ulikolikuta, iwe kitabuni, kwenye pakiti ya dawa, popote. Neno lisilo na sentensi ni mgeni asiye na kwao. Sharti la pili, kama lina jina la Kiswahili ulilosoma shule ya msingi, liandike pembeni: "thermometer" na kipimajoto wakae ukurasa mmoja waonane. "Thermo" joto, "meter" kipima. "Carnivore" na mla nyama, vivyo hivyo, neno kwa neno, ila hapo mzee ni Mlatini.

Sisemi nimevumbua kitu. Nasema watoto wangu wanasahau kidogo kuliko zamani, na wanauliza maswali ambayo zamani hawakuuliza. Nyie huko mnafanyaje? Nawasilisha.

#2 Kahawa na Kashata

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Kilaza Mstaafu

Mwalimu heshima yako, lakini hapa umetuuzia mbuzi kwenye gunia. Mtoto ameshindwa Kiingereza, wewe unamwongezea Kigiriki na Kilatini? Mtihani wa taifa hauulizi mababu wa maneno. Sisi tulikariri, tulipigwa, tukafaulu, leo tunakula kwa kalamu.

#4 Zamu ya Jumatatu

Mkuu Kilaza, tulifaulu wangapi? Hesabu wale mlioanza nao kidato cha kwanza, siyo mliokutana kwenye mahafali.

Lakini hoja ya mtihani naipokea, tena naipenda. Mwaka mmoja nilisahihisha majaribio ya Historia. Swali lilianza na "Account for", maana yake toa sababu. Wanafunzi kumi na mmoja walieleza tukio lilivyokuwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, vizuri kabisa, kwa mwandiko mzuri, na hawakutoa hata sababu moja. Mmoja aliandika habari za benki. Historia wanaijua. Waliangushwa na maneno mawili ya mwanzo wa swali.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni maneno yapi yaanze, maana Kiingereza ni bahari na mtoto ana ndoo. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno ya msingi kama 2,000 hivi, yale yanayobeba sehemu kubwa ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akachambua maandishi ya kitaaluma, akayatoa yale ya West, akabaki na makundi 570 yanayojirudia kwenye masomo ya kila aina. Humo ndimo wamo kina "analyse", "assess", "factor", "justify", yaani wale wale wanaokaa kwenye maswali ya mitihani. Na angalieni alivyoyapanga: kila kundi lina mzee wake na watoto. "Analyse" anakuja na "analysis", "analyst", "analytical". Ni ukoo ule ule ninaousema.

Piga hesabu. Koo nne kwa wiki, tuseme wiki 36 za masomo kwa mwaka, miaka minne: 576. Zote hizo zinaingia kabla ya kidato cha nne kwisha, bila kumkimbiza mtu. Maneno 300 kwa wiki ni kumchosha mtoto bure.

#5 Kilaza Mstaafu

Sawa, benki umenichekesha. Naendelea kusoma lakini sijakubali.

#6 Chuo cha Jioni

Assalaam alaykum. Maalim, umenikumbusha mbali. Mimi wa Unguja, asubuhi skuli, jioni chuoni, yaani madrasa, na hayo ya ukoo wa maneno sisi tulifunzwa chuoni kabla ya skuli, ila hakuna aliyetwambia kuwa ni dawa ya Kiswahili pia.

Maneno ya Kiarabu yanasimama juu ya konsonanti, aghalabu tatu. Irabu zinabadilika, zile tatu hazibanduki. Basi chukua K, T, B, habari ya kuandika. Tazama Kiswahili chetu kilivyowachukua ndugu wote: kitabu, katibu, maktaba, katiba, mkataba. Mwanafunzi anayajua matano hayo kama watu watano wasiojuana, kumbe mama mmoja. Katibu ni mwenye kuandika. Maktaba, hiyo "ma" ya mbele ni ya mahali. Sasa chukua H, K, M: hukumu, hakimu, hekima, na mahakama. Hiyo "ma" imerudi tena, mahali pa kuhukumu. Mtoto akishaijua "ma" ya maktaba, mahakama hahitaji kukaririshwa.

Tena elimu. Humo mna mwalimu, mna taaluma, mna maalumu, yaani kilichojulikana, na mna alama. Ushahidi humo mna shahidi, shahada, kushuhudia. Shahada ya chuo kikuu ni ushahidi kuwa umesoma, na shahada ya Muislamu ni ushahidi vilevile. Mimi hili lilinijia nishakuwa mtu mzima nimepanda boti naelekea Dar, nikacheka peke yangu, jirani yangu akasogea kidogo.

Na huyo bwana wa hapo juu anayeuliza Kigiriki cha nini, mwambieni darubini ni Kiajemi. "Dur" mbali, "bin" kuona. "Telescope" ya Kigiriki ni hayo hayo, mbali na kutazama. Watu wa Bahari ya Hindi na watu wa Ulaya walikipa chombo kimoja jina moja, kila mtu kwa lugha yake. Anayesoma hadubini na darubini akazichanganya kwenye mtihani, tatizo hajaambiwa "bini" ni nini.

#7 Mwalimu wa Insha

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Nakuru, nafundisha Kiswahili shule ya upili. Kwetu tatizo limepinduka. Wanafunzi wangu Kiingereza wanacho, Sheng wanayo ya kumwaga, Kiswahili ndicho kinawapiga chenga. Insha ya karatasi ya kwanza utakuta neno "kitu" mara ishirini na "mambo" mara thelathini. Mwenye bidii ameenda kununua kijitabu cha misemo, anaanza kila insha kwa jua la asubuhi lililochomoza kwa madaha. Mtahini amelisoma jua hilo mara elfu.

Mimi huanza na kitenzi kimoja cha nyumbani, nawaambia kikamueni. Juzi ilikuwa funga. Wakaanza na kauli za kawaida: fungia, fungwa, fungana, fungisha, kisha fungua, ile kauli ya kutendua. Hayo yako kwenye karatasi ya pili kila mwaka. Halafu nikawaambia, sasa toeni watu na vitu. Ufunguo. Mfungwa. Kifungo cha shati, na kifungo cha miaka mitano. Kifungu cha sheria. Fungu la nyanya sokoni. Kifungua kinywa. Msichana mmoja akasema kifungua mimba, mtoto wa kwanza, na nusu ya darasa haikuwa imewahi kulisikia. Mvulana wa mpira akasema mfungaji bora. Kuna mfungo wa Ramadhani, kuna nchi zisizofungamana na upande wowote, kuna fungate ya maharusi. Kitenzi kimoja, dakika arobaini, na hakuna aliyekariri chochote.

Kisha nikawapa kazi: aya moja, utumie saba kati ya hayo, na aya ieleweke. Hapo ndipo kazi ilipo. Kulijua neno ukilisikia ni hatua ya kwanza, lakini siku unalitafuta kwa kalamu na lisije, bado si lako.

#8 Mtoto wa Milima ya Taita

Mwalimu wa Insha, shikamoo. Yote sawa, ila fungate itoe kwenye ukoo huo. Fungate si ya kufunga. Ni siku saba za baada ya arusi, na hiyo saba ndiyo iliyolipa jina. Sisi Wataita tukihesabu, saba ni mfungade. Nyanya yangu angekusikia ukiiweka pamoja na kifungo cha shati angekuuliza kama maharusi walifungiwa ndani.

#9 Mwalimu wa Insha

Marahaba, na nimesahihishwa. Miaka kumi na minne nafundisha hilo. Kesho nawaambia darasani, wacha wajue hata mwalimu hukosea.

#10 Kilaza Mstaafu

Haya sasa! Ndicho ninachosema toka mwanzo. Ukoo una ndugu bandia. Leo mwalimu mzima amemwingiza mgeni kwenye urithi, mtoto wa miaka kumi na minne ataweza? Atasema maua ni ya kuua.

#11 Zamu ya Jumatatu

Hapo umenishika vizuri, na sitakimbia. Kufanana sura si undugu. Kwenye Kiingereza ndiyo balaa zaidi, mtoto akilipasua "understand" atapata kusimama chini ya kitu. Kwa hiyo daftari la ukoo lina msimamizi, naye ni kamusi. Ukishuku undugu, kapime kwenye kamusi.

Na kamusi yenyewe hatuwafundishi kuitumia, tunawaambia tu wanunue. Nilimpa mtoto wa kidato cha pili kamusi ya Kiswahili nikamwambia atafute "walipoondoka". Akaenda W. Akakaa huko W robo saa, mtoto wa watu. Hakuna aliyemwambia kwamba kitenzi kinavuliwa nguo zote, wa, li, po, ndipo unakwenda kumtafuta ondoka penye O. Na nomino zinakaa kwa umoja: nyuso ziko kwa uso, meno yako kwa jino, kuni ziko kwa ukuni, nyimbo ziko kwa wimbo. Mtoto asiyejua hilo anafungua mara tatu hapati, anahitimisha kwamba kamusi haina maneno, anaiweka chini ya godoro mpaka amalize shule. Kiingereza ni yale yale, maana ya "went" haikuandikwa penye W, imeandikwa kwa "go".

Nikiwa na vipindi viwili tu vya kufundisha msamiati mwaka mzima, kimoja ningekitumia kwa hilo.

#12 Boksi la Biskuti

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa sayansi, nasubiri chuo. Naomba niseme la upande wa mwanafunzi, maana humu naona walimu watupu.

Ukoo ni mzuri wa kuelewa, nakubali. Lakini kuelewa siyo kukumbuka. Mimi nilikuwa naelewa kila kitu usiku, asubuhi nimebaki na nusu. Kilichonisaidia ni boksi la biskuti.

Nilikata karatasi ngumu za maboksi, vipande kama kadi za karata. Mbele neno, nyuma maana na sentensi. Boksi nikaligawa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Unajiuliza, ukipata kadi inahama chumba cha mbele. Ukikosa inarudi cha kwanza hata kama ilishafika cha mwisho. Baadaye nikaja kujua kuna Mjerumani, Sebastian Leitner, aliusambaza mtindo huo mwaka 1972, yeye na vyumba vitano. Mimi boksi langu lilikuwa dogo.

Siri iko hapa: ugumu. Unapofunika na kujiuliza, kichwa kinauma kidogo, na hilo ndilo linalofanya neno likae. Mjerumani mwingine, Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaandika mwaka 1885 kwamba kusahau kunakimbia sana saa za mwanzo, kisha kunapunguza mwendo. Kwa hiyo ukirudia usiku ule ule na kesho yake unakuwa umelidaka neno kabla halijatoka mlangoni. Na mwaka 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi kusoma vifungu vya habari. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunika na kujaribu kukumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojiuliza ndio waliokuwa mbele. Mwalimu, hiyo ndiyo Ijumaa yako na ile Ijumaa ya pili.

Halafu kuna jambo linaniuma. Prepo yote ya jioni tulikuwa tunapiga mistari ya rangi kwenye madesa. Njano, kijani, waridi. Daftari lilipendeza kama kitenge. Kichwani hakuna kitu.

#13 Zamu ya Jumatatu

Kijana, umenimaliza. Nimekuwa nafurahia ukoo ubaoni kumbe sijaweka siku ya kuwaita ndugu hao majina. Kuanzia wiki ijayo kila daftari langu la ukoo litakuwa na kadi zake. Maboksi nitayapata dukani kwa Mangi.

#14 Mama wa Kanga

Jamani na mimi si mwalimu wala mwanafunzi, nauza kanga. Mwanangu wa miaka kumi hukaa na mimi banda akitoka shule. Kazi yake ni kunisomea majina, macho yangu hayaoni maandishi madogo siku hizi. Siku moja akanisomea "Hasidi hana sababu", akauliza, mama, hasidi ni nani? Nikamwambia ni mtu mwenye husuda. Husuda ni nini? Ni kumhusudu mwenzio. Akanyamaza, akasema, mama hayo maneno yote ni moja. Nimesoma aliyoandika huyo ndugu wa Unguja hapo juu ndiyo nikaelewa mwanangu aliona nini.

Sasa tuna mchezo. Kila kanga mpya akiisoma lazima aseme sentensi yake mwenyewe yenye neno gumu la humo. Jana amemwambia dada yake eti ni hasidi kwa sababu ana simu. Nimemwambia hapana, hasidi ni wewe usiye nayo. Mteja alicheka hadi akanunua doti mbili.

#15 Chuo cha Jioni

Mama, H, S, D. Huyo mtoto mpeleke mbali.

#16 Mzazi wa Mbagala

Wakuu nyote mmesema vya kusoma, lakini tuseme ukweli, nyumbani kwangu hakuna kitabu zaidi ya misahafu na kalenda. Kamusi ni bei. Bando nikiweka, kijana anaenda kwenye video. Nafanyaje?

#17 Mwalimu wa Insha

Ndugu mzazi, redio unayo. Mpe kazi ya kusikiliza mpira, lakini alete maneno matatu ya mtangazaji ambayo yeye hatumii. Watangazaji wa mpira wa Kiswahili ni hazina. Kwa dakika tisini mpira wao haugongwi tu, unachongwa, unamiminwa, unapenyezwa, unabutuliwa, unapanguliwa. Halafu mwambie akusimulie goli lile kwa kuandika, bila kutumia "akapiga" zaidi ya mara moja. Nimelifanya hilo na vijana waliokuwa wanachukia insha.

Na magazeti ya kufungia maandazi usiyatupe kabla hayajasomwa.

#18 Zamu ya Jumatatu

Naongezea moja kwa Mzazi wa Mbagala. Kaa naye dakika kumi usiku, mwambie akufundishe wewe neno moja alilopata leo, wewe uwe mwanafunzi mgumu. Muulize ndugu zake ni nani, muulize umeliona wapi. Kingereza chako kikiwa kibovu ndiyo vizuri, atajitahidi kukueleza.

#19 Kilaza Mstaafu

Mleta mada, nimekaa kimya toka asubuhi si kwamba nimeshindwa. Mjukuu wangu yupo kidato cha kwanza, ametoka na "import" na "export" kwenye daftari. Nikamwambia tafuta ndugu. Akaleta "transport", akaleta "portable" kutoka kwenye boksi la redio. Sasa ananiuliza mzee wao ni nani na anafanya kazi gani.

#20 Zamu ya Jumatatu

Mzee wao Mlatini, anaitwa "portare", kazi yake kubeba. "Import" kabebe uingize ndani, "export" kabebe utoe nje, "transport" kabebe uvushe. Karibu kundini, mkuu.

#21 Kilaza Mstaafu

Sijakaribia. Namsaidia mtoto tu.

#22 Mzazi wa Mbagala

Mrejesho wakuu, ni siku ya nne. Jana usiku nilikuwa mwanafunzi mgumu kama nilivyoagizwa. Kijana kaleta "biology". Mzee wao "bio", uhai. Kaniambia na "biography" yumo, ni kuandika maisha ya mtu, na baiogesi ya jirani mwenye ng'ombe nayo imo. Nikamwambia vizuri sana. Akatulia kidogo, akaniangalia, akauliza: baba, na bia?

#23 Mtoto wa Milima ya Taita

Mwambie bia haimo. Hiyo ni kama fungate, imepita tu ikakuta watu wamekaa.